Programu imejaza kila pengo lakini majibu hayaeleweki: kutafuta shida kwenye kujazia jenotaipu za ng'ombe wa nyama

Hali ya kawaida ni hii. Kuna ranchi ama kikundi cha wafugaji wa Boran, wanyama wengine walipimwa DNA na chipu ndogo (inayosoma SNP chache, yaani sehemu chache za DNA ambako herufi hutofautiana kati ya mnyama na mnyama) kwa sababu pesa haikutosha, wengine wakapimwa na ya 50K, na madume wachache wa maana wakapata ile kubwa ya HD, na sasa wote wanatakiwa wakae kwenye faili moja yenye SNP zilezile ndio EBV (makadirio ya ubora wa kila mnyama kama mzazi) zikokotolewe pamoja. BovineLD ya kwanza ilikuwa na SNP 6,909, BovineSNP50 toleo la pili ina 54,609, BovineHD ina 777,962, kwa hivyo ukitoka ile ndogo kwenda ile kubwa, kwa kila SNP moja uliyopima kuna zaidi ya mia unazotaka kubahatisha kwa akili, na huko ndiko kujazia jenotaipu. Unarusha data kwa programu ya kujazia, Beagle ama FImpute, inazunguka usiku kucha, asubuhi hakuna pengo hata moja. Alafu EBV zinatoka na dume ambaye kila mtu huko Laikipia ameona ndama wake na anawasifu, anakuwa wa mwisho kwenye orodha.

Kitu cha kwanza cha kushika ni kwamba hizi programu hazijui kusema sijui. Ni kama kumuuliza mtu njia pale Tea Room na yeye hataki aonekane mgeni, atakuonyesha tu upande fulani na kwa ujasiri. Faili kutokuwa na pengo haithibitishi chochote. Kitu cha pili, usikimbilie kubadilisha programu. Watu wanahama kutoka Beagle kwenda Minimac kwenda FImpute wiki nzima na shida iko palepale, kwa sababu shida iliingia kabla programu yoyote haijawashwa: kwa herufi (namna SNP zilivyoandikwa), kwa ramani (nafasi ya kila SNP kwenye kromosomu), kwa sampuli, ama kwa paneli ya rejea (wale wanyama waliopimwa na chipu kubwa ambao programu inajifunza kwao).

Kabla ya kutafuta kosa, lipime

Chukua wanyama waliopimwa na chipu kubwa, na uchague wale wa juzijuzi, sio wale babu zao, kwa sababu wale utakaowajazia kwa kweli ni vijana. Wafiche SNP zote ambazo hazipo kwa chipu ndogo, watoe kabisa kwenye paneli ya rejea, wajazie, alafu linganisha na ukweli ulioficha. Makosa mawili hufanyika hapa sana. La kwanza ni kusahau kuwatoa kwenye paneli, hapo unapata 99 na nukta na unafurahi bure, programu imejisomea jibu. La pili ni kuficha SNP kiholela, labda asilimia 5 popote pale, wakati kila SNP iliyofichwa bado ina majirani wake wote wa chipu kubwa kushoto na kulia. Huo mtihani ni rahisi kuliko kazi yenyewe. Ficha kwa mpangilio uleule wa chipu ndogo, basi.

Sasa usitoe namba moja ya wastani ukatulia. Toa usahihi kwa kila mnyama, kwa kila SNP kulingana na mahali ilipo kwenye kromosomu, na kwa kila SNP kulingana na aleli yake (mojawapo ya herufi mbili za SNP) ni adimu kiasi gani. Kosa likiwa limesambaa sawa kwa wanyama wote na kromosomu zote, shuku herufi. Likiwa kwa wanyama wachache tu, shuku sampuli. Likiwa kwa kipande kimoja cha kromosomu, shuku ramani. Likiwa kwa aleli adimu pekee, paneli yako ndiyo haitoshi. Karibu kila kitu kinachofuata hapa chini kinatoka kwa hizo picha.

Inagoma hata kuanza

Hii ndiyo shida nzuri kuwa nayo kwa sababu inajitangaza. Ukiona PLINK (programu ya kupanga na kusafisha data za SNP) inalalamikia kromosomu namba 27, hukuiambia ni ng'ombe. Kawaida yake inadhani umeleta binadamu mwenye kromosomu 22 za kawaida, na ng'ombe ana jozi 29 pamoja na X na Y. Weka --cow na inatulia. Ubaya ni kwamba kuna watu wakiona hilo kosa wanalikwepa kwa njia ya mkato ndio ipite, lakini bila --cow kromosomu 23 inachukuliwa kuwa X, na madume wako wote wenye aleli mbili tofauti huko wanaonekana wana kasoro. Ukiona onyo la het. haploid kwa maelfu, rudi uangalie hapo. Na 23 sio kromosomu ya kuchezea, ndiyo iliyobeba jeni za kinga za BoLA.

Beagle 5 inataka paneli ya rejea iliyopangwa haplotaipu tayari (aleli zilizotoka kwa mzazi mmoja zimewekwa pamoja kwa mfululizo) na isiyo na pengo hata moja. Ukiipa paneli mbichi inakataa. Pitisha paneli peke yake kwanza kupitia gt=, kile kinachotoka ndicho uweke kwa ref=. Ukiona Java heap space ongeza -Xmx, na kama laptopu haina memori zaidi punguza window (kipande cha kromosomu kinachoshughulikiwa kwa mara moja), ambayo kawaida ni sentimogani 40. SNP mbili zenye nafasi moja, toa moja (chipu za HD zinazo, sio wewe umeharibu). Na endesha kila kromosomu peke yake, stima ya Nairobi unaijua, ikipotea saa tisa usiku bora upoteze kromosomu moja kuliko zote 29.

Imemaliza, lakini kosa liko kila mahali

Usahihi uko chini kwa kila mnyama, kila kromosomu, hata wale ambao baba na mama wote wako kwenye paneli. Hapo usipoteze muda, ni herufi. Maabara inaweza kukupa jenotaipu kwa namna tatu ama nne: A/B, TOP, Forward, na kadhalika, na ukiunganisha faili mbili za namna tofauti hakuna kitakachopiga kelele, SNP ileile itakuwa A/G huku na T/C kule.

Kuna njia ya haraka ya kujua unashika faili gani hata kama barua ya maabara ilipotea. Hesabu herufi. Kwenye mfumo wa TOP wa Illumina, SNP za kawaida zote zinaandikwa A pamoja na C ama A pamoja na G, kwa hivyo herufi T karibu haipo kabisa. Ukiona A nyingi sana, C na G kiasi, na T kidogo tu ya kuokota, hiyo ni TOP. Ukiona zote nne ziko kwa wingi na T inakaribiana na A, hiyo labda ni Forward. Ukiona B, basi unajua. Ni amri moja ya sekunde chache kwa faili ya .bim (orodha ya SNP ya PLINK) na inaokoa wiki.

Alafu chora mchoro mmoja: kwa kila SNP, kiwango cha aleli kwenye faili yako upande wa chini, na kiwango cha aleli hiyohiyo kwenye paneli upande wa kusimama, mradi ni uzao uleule. Nukta zikae kwenye mstari unaopanda kutoka kona ya kushoto. Ukiona kuna mstari wa pili unaoshuka kukatiza wa kwanza kama herufi X, hizo zilizoko kwenye mstari wa pili zimegeuzwa. Ukiona wingu tupu lisilo na mstari, umechanganya majina ya SNP ama uzao sio huo unaodhani.

SNP za A/T na C/G ndizo za hatari kwa sababu ukizigeuza zinaonekana vilevile, A/T inabaki T/A. Kwenye chipu za Illumina ni chache, kwenye data ya sekwensi (DNA iliyosomwa herufi kwa herufi) zimejaa. Mimi huzitupa tu zile ambazo viwango vya aleli viko karibu na nusu kwa nusu, hasara yake ni ndogo kuliko maumivu ya kuzibembeleza.

Kipande kimoja cha kromosomu ndicho kibaya

Hapa ni ramani. Chipu nyingi za zamani zilikuja na nafasi za UMD3.1, sekwensi na paneli za sai ziko kwenye ARS-UCD1.2 ya 2018. Ukiunganisha kwa nafasi, SNP zinazofanana zinakuwa chache ajabu na unajua haraka. Ukiunganisha kwa majina ndipo hatari inajificha, SNP zote zinakutana vizuri lakini mpangilio wake unatoka kwa ramani ya zamani, na UMD3.1 ilikuwa na sehemu zilizopinduliwa na nyingine zilizowekwa kwa kromosomu ambayo sio yao. Programu inasoma haplotaipu kama mfululizo, kwa hivyo kipande kilichopinduliwa kinakatakata ukoo mahali ambapo hakuna kilichokatika. Kwenye picha utaona bonde: usahihi 97, 97, ghafla 80, alafu 97 tena.

Dawa yake sio kubadilisha nafasi kwa kukisia ama kusogeza namba. Tumia ramani ambayo sekwensi za chipu zenyewe zililinganishwa upya na jenomu mpya, kuna faili za namna hiyo zinazotolewa bure na Chuo Kikuu cha Missouri kwa chipu karibu zote za ng'ombe. SNP ambayo haina nafasi ya uhakika, itoe.

Ukishatengeneza ramani kutabaki mabonde ambayo sio kosa lako. Mwisho wa kila kromosomu usahihi hushuka kwa sababu SNP ina majirani upande mmoja tu. Eneo la BoLA kwenye 23 husumbua, lina aina nyingi mno. Na X ina mambo yake: dume ana nakala moja isipokuwa ile sehemu ya mwisho inayofanana na Y, ambayo kwenye ARS-UCD1.2 inaanza karibu na milioni 133. Gawanya X mara mbili hapo na ushughulikie kila sehemu kivyake, ama kama EBV ndiyo unayotaka na haraka ipo, acha X kabisa, wengi hufanya hivyo na ulimwengu hauishi.

Kumbuka pia hiyo jenomu ya rejea ni ya ng'ombe mmoja, Hereford anayeitwa Dominette, kutoka Montana huko Marekani. Boran ana vipande ambavyo Dominette hana. Jenomu ya Brahman ipo na ya Ankole pia ipo, ila ukihama huko peke yako hakuna mtu utakayeweza kuunganisha data naye, kwa hivyo kwa kazi ya kila siku kaa na wengine.

Wanyama wachache ndio wanaharibu

Wastani ni mzuri, lakini kuna wanyama kadhaa wako chini sana peke yao. Hapa toka kwa kompyuta uende kwa boma, kwa sababu kosa lilitokea huko.

Anza na nywele. Nywele za mkia zinatakiwa zing'olewe na mizizi yake, ule uvimbe mdogo mweupe mwisho wa unywele ndio wenye DNA. Kijana wa ranchi akichoka kung'oa anachukua makasi, na sampuli inafika maabara nzuri, imefungwa vizuri, imeandikwa vizuri, na haina kitu. Matokeo yake SNP nyingi hazisomeki. Mnyama akiwa na SNP zilizosomeka chini ya asilimia 90 usimjazie, mpime upya. Kujazia mapengo yaliyoachwa na chipu ndogo ni sawa, lakini sampuli mbovu ni kitu kingine, hata zile zilizosomeka humo ndani zina makosa, na programu inazichukua kama ukweli wa kujengea.

Alafu kuna kuchanganyika. Kikata sikio kilichotumika kwa ndama huyu kikaenda kwa yule bila kubadilishwa, sampuli ina wanyama wawili. Dalili yake ni heterozigoti (SNP zenye aleli mbili tofauti) nyingi kupita kiasi, kwenye PLINK angalia --het, F inaenda hasi sana. Lakini ngoja kabla hujamfuta: chotara wa kwanza wa Boran na Angus, ama Boran na Charolais, naye ana heterozigoti nyingi na hana kosa lolote, ndivyo alivyozaliwa. Tofauti iko kwenye data mbichi ya maabara. Chotara halali nukta zake zinakaa kwenye makundi matatu safi, sampuli iliyochanganyika nukta zinaelea katikati ya makundi na nyingi hazisomeki.

Na pacha. Hii wengi hawaijui. Ng'ombe akibeba mapacha mishipa ya damu ya kondo la nyuma huungana mara nyingi, damu ya mmoja inaingia kwa mwingine na inaendelea kutengenezwa humo maisha yote. Ndio maana mtamba aliyezaliwa na pacha dume, zaidi ya 9 kati ya 10 ni tasa. Kwa upande wetu maana yake ni kwamba damu ya pacha ina DNA ya watu wawili, yaani ng'ombe wawili, na hata dume pacha ambaye ni mzima kabisa na anatumika anaweza kukupa jenotaipu ya ajabu kama ulimpima kwa damu. Mpime kwa nywele zenye mizizi.

Halafu majina. Eksel jamani. Namba ya sikio 00457 inakuwa 457, namba kama 3E12 inageuzwa kuwa trilioni tatu, MAR-12 inakuwa tarehe. Fungua orodha ya wanyama kama maandishi, sio kwa kubonyeza mara mbili. Na sampuli iliyobadilishana na jirani yake kwenye trei utaigundua kwa njia moja tu, kulinganisha mzazi na mtoto. Hesabu SNP ambazo mzazi ni AA na mtoto ni BB. Mzazi wa kweli inakuwa karibu sifuri, chini ya asilimia moja kwa makosa ya kusoma. Mzazi wa uongo inapanda hadi asilimia kadhaa. Ukiona wanyama wawili waliofuatana kwenye trei wote wamekataa wazazi wao, wabadilishe uone kama wanakubali.

Karatasi ya ukoo inapigana na DNA

FImpute inatumia ukoo na hiyo ndiyo nguvu yake, Beagle 5 haiangalii ukoo kabisa. Kwa hivyo ukiona FImpute inakupa matokeo mabaya kuliko Beagle kwenye data ileile, ambapo kawaida ingekuwa juu ama sawa, karatasi ya ukoo inadanganya. Kwa ranchi zetu hiyo sio ajabu. Madume matatu ama manne yanaachwa na kundi moja msimu mzima, alafu mwenye kitabu anaandika dume yule mkubwa ndiye baba wa wote kwa sababu fomu inataka jina. Jike mwingine alipandishwa kwa mbegu ya mrija, haikushika, dume la jirani likaruka ua, tarehe zikakaribiana.

Mahali huna uhakika weka 0. Baba asiyejulikana hana madhara kwa kujazia, baba wa uongo anayo. Washa ukaguzi wa uzazi ambao FImpute inao tayari, na matokeo yake yarudishe kwa mfugaji, kwa upole, maana hapo unaweza kuwa unamwambia kwamba dume alilouza kwa bei kubwa halikuzaa wale ndama waliolifanya liuzike. Hiyo ni mazungumzo ya uso kwa uso, sio ya emeili.

Namba ni 97 lakini EBV hazisogei

Hapa ndipo watu wenye elimu pia hunaswa. Asilimia ya majibu sahihi inasikika vizuri, lakini piga hesabu hii. Chukua SNP ambayo aleli adimu iko asilimia 2. Mtu akijaza kila mnyama kuwa hana hiyo aleli, bila kuangalia data hata kidogo, atakuwa sahihi kwa 0.98 mara 0.98, yaani asilimia 96. Kwenye wanyama 500 wabebaji wanatarajiwa kama 20, amewakosa wote 20, na bado ana 96. Kwa hivyo 97 yako inaweza kuwa kazi nzuri ama inaweza kuwa karibu hakuna kazi.

Tumia korilesheni (kipimo cha jinsi namba mbili zinavyoenda pamoja) kati ya kilichojazwa na ukweli, kwa kila SNP, na uipange kulingana na uadimu wa aleli. Utaona SNP za kawaida ziko 0.95 huko, na zile za chini ya asilimia 5 zinaporomoka. Beagle nayo inatoa DR2 yake (makadirio yake ya usahihi wa kila SNP), inasaidia kutupa SNP mbaya, lakini hiyo ni maoni ya programu kuhusu kazi yake yenyewe. Paneli ikiwa ya uzao usio sahihi DR2 inaweza kuwa juu na jibu likawa bovu. Mtihani wa kuficha ndio unaohesabika.

Pia usizungushe majibu kabla ya wakati. Programu ikisema mnyama ana 1.4 ya aleli, hiyo 1.4 ina habari, ukiigeuza 1 umetupa sehemu yake. Kama programu yako ya EBV inakubali desimali, ipe desimali.

Paneli ni ya wageni

Nimeiweka huku chini lakini kwa ng'ombe wa Kenya hii ndiyo shida kubwa kuliko zote, na ndiyo isiyo na amri ya kuitatua.

Chipu ya 50K ilitengenezwa kwa SNP zilizotafutwa zaidi kwenye ng'ombe wa Ulaya. Ukiipeleka kwa Boran, SNP nyingi zinakuwa na aleli moja tu ama karibu, hazikwambii chochote. Juu ya hapo, zebu wana haplotaipu fupi kuliko Angus ama Hereford, uhusiano kati ya SNP jirani unapotea haraka zaidi ukienda mbali, kwa hivyo msongamano wa SNP unaotosha kwa Angus hautoshi kwa Boran. Na Boran mwenyewe sio zebu mtupu, ana damu ya zebu kwa sehemu kubwa, na ndani yake kuna ya taurine (ng'ombe wasio na nundu) wa Afrika na ya taurine wa Ulaya. Sasa mtu anachukua paneli ya Holstein na Angus kwa sababu ndiyo iliyopatikana. Mradi wa 1000 Bull Genomes, unaokusanya sekwensi za ng'ombe, ulipotoa kazi yake kubwa ya kwanza 2014 ulikuwa na wanyama 234, wote taurine. Umekua sana tangu hapo na indicus (zebu) wameongezeka, lakini bado mizani imeegemea huko.

Dalili yake: usahihi ni mzuri kwa machotara wenye damu nyingi ya Ulaya na unashuka kadiri damu ya Boran inavyoongezeka. Chora usahihi wa kila mnyama dhidi ya sehemu ya damu yake, mstari ukishuka umepata jibu. Na kwa chotara mmoja ndani yake utakuta vipande vilivyotoka kwa Angus vimejazwa vizuri na vya Boran vibaya.

Dawa ni kupima Boran wako mwenyewe kwa HD. Mimi ningechukua Boran 200 waliochaguliwa vizuri kuliko Angus 2,000 wa bure. Waliochaguliwa vizuri maana yake madume wenye watoto wengi kwenye kundi, na majike wa ukoo uliotapakaa, sio ndugu kumi wa baba na mama mmoja. Kwa machotara weka nyuzao zote mbili kwenye paneli. Na usifanye mara moja ukasahau, kila dume jipya la mbegu linaloingia lipime kwa HD, la sivyo vizazi vitatu baadaye unajazia juu ya waliojaziwa juu ya waliojaziwa. Kama una jirani mwenye Boran amepima wake, ongeeni, Kabete kuna watu wa ILRI (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo) na wa Chuo Kikuu cha Nairobi ambao hii ndiyo kazi yao, na KALRO (shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo) wana kituo cha ng'ombe wa nyama pale Lanet.

Kitufe kimoja cha kujaribu wakati unatafuta pesa ya HD: Beagle inaambiwa ukubwa wa jamii (idadi ya wazazi wanaochangia vizazi) kwa ne, na kawaida yake imewekwa kwa jamii kubwa sana kama binadamu. Kundi la mifugo ni dogo na lina undugu mwingi. Jaribu ne=1000 kwenye mtihani wako wa kuficha. Matoleo mapya yana em inayojikadiria yenyewe, kwa hivyo huenda tofauti isionekane, kwa ya zamani inaonekana.

Sekwensi nyepesi imejazwa, heterozigoti zimepotea

Kwa kifupi tu. Ukisoma jenomu mara moja kwa wastani, mnyama mwenye A na G mara nyingi amesomwa mara moja tu mahali hapo, na usomaji mmoja unaonyesha herufi moja. Ukimwandika AA umeshakosea kabla ya kujazia. Data hiyo inataka programu zinazochukua uwezekano badala ya herufi, kama GLIMPSE, QUILT ama STITCH.

Mfugaji anauliza kama dume lina jeni ya misuli miwili

Jeni yenyewe, myostatin, iko kromosomu ya 2, na kwa Belgian Blue kasoro yake ni herufi 11 zilizofutika. Kutokuwa na pembe kuko kromosomu ya 1. SNP zilizo jirani zinaweza kujazwa sahihi kabisa na bado usijue, kwa sababu haplotaipu ileile inaweza kuwepo na kasoro ama bila kasoro. Kwa EBV hilo linamezwa na SNP nyingine zote. Kwa dume moja linalokwenda kupanda majike mia, na ndama wanaokwama wakati wa kuzaliwa, usimpe mfugaji jibu la kujazia. Kipimo cha moja kwa moja cha jeni hiyo kipo, alipe afanyiwe.

Babu muhimu hakupimwa kabisa

Baadhi ya programu zinaweza kumjenga mnyama ambaye hana hata SNP moja, kwa kuangalia watoto wake waliopimwa. Kwa mtoto mmoja ama wawili ni kubahatisha, unaona nusu yake tu na nusu nyingine hujui. Kwa watoto wengi waliopimwa, hasa kama mama zao pia wamepimwa, anajengeka vizuri. Ila kabla hujaanza hizo hesabu, uliza kama mbegu yake ilikusanywa. Dume lililochinjwa miaka mingi iliyopita linaweza kuwa bado lina mirija kwenye tanki la nitrojeni, kwa mfugaji, kwa daktari wa mifugo, ama KAGRC (kituo cha taifa cha mbegu za mifugo) hapo Lower Kabete, na mrija mmoja una DNA ya kutosha kumpima kwa chipu ya HD.